Muhuri wa Kakuma Uwe na Chapa ya Nani?

Ndugu msomaji, ukenda Malindi ukafuata njia ya pwani mpaka ile ncha ya mwamba iingiayo baharini, utaikuta nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe juu yake. Watalii huipiga picha, vijana hukaa chini yake jioni wakipunga upepo. Wachache huinua macho wakatazama kilichochongwa kwenye ule msalaba, nacho ni ngao ya mfalme wa Ureno. Jiwe lenyewe lilitoka Lisbon kwa merikebu, likaachwa na Wareno wa Vasco da Gama waliofika Malindi mwaka 1498. Hapana mzee wa Malindi aliyeulizwa ngao ile iwe na nini ndani yake. Ilikuja ikiwa imekwisha chongwa.

Wareno hao hao, kwao, wana utaratibu mzuri wa mambo haya. Kila mji wao una bendera yake na ngao yake. Juu ya ngao huwekwa taji la ukuta wenye minara, na minara hiyo huhesabika: mitano kwa jiji, minne kwa mji mdogo, mitatu kwa kijiji. Ngao ya Lisbon ina jahazi lenye kunguru wawili, na mtoto wa Lisbon husimuliwa kisa cha kunguru hao tangu hajajua kusoma. Basi watu ni wale wale na ufundi ni ule ule, lakini nembo iliyo kumbukumbu kwa mwenyewe ilikuwa amri kwetu. Tofauti haikuwa katika uzuri wa kuchonga. Ilikuwa katika nani aliyeulizwa.

Nimeanza na Malindi kwa kuwa nimerudi kutoka mahali palipo mbali sana na bahari, kule Lodwar na Kakuma, katika nchi ya Waturkana, na swali nililorudi nalo ni lile lile la nguzo yetu. Huko kuna mji mpya unaohitaji nembo, na nina maoni yangu kuhusu nembo hiyo. Nitayatoa, lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu.

MWALIMU ASIYEJUA KUSOMA

Mara ya kwanza kufika Lodwar ilikuwa mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana aliyetolewa Mombasa kwa barua ya serikali. Nilifika na sanduku la bati, msala wa kuswalia, na kiburi cha kutosha watu wawili. Mwaka ule ule, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu, na kilipofuatwa yakapatikana mabaki ya kijana wa kale aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia nzima ilikuja Turkana kusoma mifupa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, wala sikuweza kusoma hata ngozi ya ngamia.

Siku moja darasani nilichora ubaoni nembo ya taifa letu. Niliwaonyesha wanafunzi simba wawili, ngao, jogoo mwenye shoka, mlima chini yao na neno Harambee. Kisha nikawaambia kila mmoja achore nembo ya kwao. Wengi walichora simba, kwa kuwa simba ndiye aliyekuwa ubaoni. Mvulana mmoja alichora mstari uliopinda, duara kando yake, na vijistari viwili vifupi. Nikapiga msalaba wa wino mwekundu juu ya kazi yake, nikaandika chini: “Hii si picha.” Mtoto hakusema neno. Alilichukua daftari lake akaenda kuketi.

Miezi kadha baadaye nilikuwa njiani karibu na mto Turkwel, nikapishana na kundi la ngamia. Ubavuni mwa yule wa mbele kulikuwa na kovu la moto: mstari uliopinda, duara, vijistari viwili. Na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nikasimama pale juani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mzee mwenye ngamia aliniona nimeduwaa, akamwuliza mwanafunzi niliyekuwa naye, “Mwalimu amepoteza mnyama?” Nilitamani kumjibu kwamba nilichokipoteza ni haya.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha. Waturkana wamegawika koo nyingi, na neno moja walitumialo kwa ukoo ni emachar. Neno hilo hilo ndilo jina la chapa wanayompiga mnyama kwa chuma cha moto. Kwa lugha yao, basi, ukoo na alama ya ukoo ni kitu kimoja. Mnyama akipotea mwendo wa siku tano, anayemwona husoma ubavu wake akajua ni wa akina nani. Mgeni akifika kisimani, huulizwa chapa yao kabla ya kuulizwa jina. Na mwanamke akiolewa, mahari yakatimia, huingia katika chapa ya mumewe akashika miiko yake. Ile ngao tunayodhani ni elimu ya Wazungu, mfugaji wa Turkana huitembeza nyikani ikiwa hai, ikila majani.

Wala si jambo la jana. Karibu na Lokori, kusini mwa nchi hiyo, pana makaburi ya kale paitwapo Namoratunga, na juu ya mawe yake pamechongwa alama za mistari na duara. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, walizilinganisha alama hizo na chapa za mifugo za leo, wakaona zinafanana kwa namna isiyoweza kupuuzwa. Msomaji wa Lamu na Mombasa atanielewa upesi. Sisi nasi hatukuzoea kuchonga viumbe kwenye milango yetu. Tulichonga mawimbi, minyororo, maua na nyota, na aliyejua kusoma mlango alijua nyumba ni ya nani na cheo chake ni kipi. Kama ningeupeleka wino wangu mwekundu Lamu nikapiga msalaba kwenye mlango wa babu, nani angenisamehe?

BENDERA ZILIZOPITA JUU YAO

Sisi wa pwani tumeona bendera nyingi. Ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Ngome ya Yesu, Mombasa, hata wakati Mwingereza ndiye aliyetawala, kwa kuwa ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa ni mali ya Sultani mpaka ukaungana na Kenya huru mwezi wa Desemba 1963. Wazee wetu waliiona ikiteremshwa, na wapo waliofurahi na wapo waliolia. Hata hivyo bendera ile walikuwa wakiijua, na waliweza kugombana juu yake.

Mturkana hakupewa hata nafasi ya kugombana. Bendera aliyoionja ilikuja na bunduki. Mwaka 1918 majeshi ya Mwingereza yalipita nchi yake katika msafara wa Labur, yakawaswaga mifugo kwa maelfu, na kila mnyama aliyeswagwa alikuwa na chapa ubavuni. Baada ya hapo Turkana ikafanywa wilaya iliyofungwa, haingiliki wala haitokeki ila kwa kibali. Mwingereza alipotaka mahali pa kumficha Jomo Kenyatta, alimpeleka Lokitaung mwaka 1953, kisha Lodwar mwaka 1959, akae humo na joto lile mpaka 1961. Yule aliyekuja kusimama chini ya bendera ya uhuru alizihesabu siku zake Lodwar chini ya bendera ya mwingine. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika, lakini barabara haikubadilika. Nilipofika mimi mwaka 1984, mtu akisafiri kwenda Kitale watu wa Lodwar walisema, “Amekwenda Kenya.”

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta kaunti, na tangu mwaka 2013 zipo 47, kila moja na gavana wake na bunge lake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikazitaka zitunge sheria ya alama zake, bendera na nembo vikiwemo, kwa kushauriana na watu, na alama hizo zisifanane na zile za taifa. Ni sheria njema. Lakini angalia yaliyofuata. Mabishano makubwa ya bendera katika miaka ile yalikuwa juu ya magari ya magavana, nani apeperushe bendera ya taifa mbele ya gari lake na nani asipeperushe, hata Bunge likabidi kuibana sheria hiyo mwaka 2014. Tulibishana juu ya magari. Mwananchi aliyesimama kando ya njia akipigwa vumbi na magari hayo hakuulizwa anaona nini.

Nilimwuliza mimi. Safari hii, Lodwar nimeikuta ina lami, benki, na misikiti iliyojaa siku ya Ijumaa, nayo ni manispaa tangu mwaka 2018. Nilipanda bodaboda ya kijana mmoja, tukapita mbele ya ofisi zenye bendera mbili, ya taifa na ya kaunti. Nikamwambia, “Kijana, ile ya pili ni ya nani?”

Akajibu bila kugeuka, “Ile ni ya gavana, mzee.”

“Si ya Turkana?”

Akacheka. “Mzee, ya Turkana iko kwa ng'ombe wa baba.”

Sikusema kitu mpaka tulipofika.

KADI YENYE MIKONO MIWILI

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kiasi cha kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Nilikwenda kumzuru bibi mmoja, jamaa ya mke wangu kwa upande wa mama. Ni mtu wa Barawa. Wasomaji wa Mombasa wa umri wangu hawakusahau mwaka 1991, vita vilipochacha Somalia, majahazi yakaleta Wabajuni na Wabarawa, watu wa lugha yetu na dini yetu, wakatiwa katika kambi za Utange na kwengineko. Tuliwapelekea futari, na wako waliooana nasi. Kisha, kabla ya miaka ya 1990 kwisha, kambi za pwani zikafungwa. Wengine walirudi, wengine walipata nchi za ng'ambo, na wengine wakapakiwa kwenye magari wakapelekwa Kakuma, ambako kambi ilikwisha funguliwa tangu mwaka 1992 kwa ajili ya wale watoto wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita.

Nikamkuta bibi ameketi mbele ya nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, anasuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mke wako hajambo? Mbona hukuja naye?”

Nikamwambia magoti hayampi nafasi. Akacheka, akasema magoti ni ya ukoo. Alinitilia kahawa ya tangawizi, tukasema habari za Barawa na Mombasa mpaka jua likapoa. Nikamwuliza miaka yote hii amekaaje. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kadi ya posho iliyowekwa katika mfuko wa plastiki, kama vile sisi tuwekavyo hati za nyumba. Akanionyesha ile nembo ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa: mikono miwili iliyomfunika mtu mmoja, na matawi ya mzeituni pembeni.

“Hii ndiyo bendera yangu,” akasema. “Iko kwenye turubai, iko kwenye debe la mafuta, iko kwenye gari la wagonjwa. Sina ubaya nayo, imenifunika. Lakini tazama, mwanangu. Mtu aliye chini ya mikono ile hana uso. Na mikono si yake.”

Nimesoma makala nyingi kuhusu wakimbizi, na sikupata kuona jambo lao likielezwa kwa uwazi kuliko hivyo.

Kakuma iliwahi kuonekana duniani chini ya bendera nyingine isiyokuwa yake. Mwezi wa Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, palipita kikosi cha wanariadha kumi wasio na nchi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma. Aliyetangulia ameshika bendera ni Rose Nathike Lokonyen, na bendera aliyoshika ilikuwa ile nyeupe ya Olimpiki yenye pete tano. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Kakuma walitazama wakalia kwa furaha. Lakini taa za uwanja zilipozimwa, bendera ile ilirudi kwa wenyewe.

MJI UMEPATA HATI

Sasa mambo yamegeuka, na ndiyo sababu ya kuandika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi na kujitegemea. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua mpango uitwao Shirika, wa kuzifanya kambi ziwe makazi ya pamoja ya wenyeji na wageni. Na mwaka huo huo wa 2025 Kakuma ikapandishwa hadhi ikawa manispaa. Ukihesabu na makazi ya Kalobeyei jirani yake, wakimbizi wa hapo ni kiasi cha watu 300,000, na kaunti nzima ya Turkana kwa hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 926,976. Huo si mji wa kupuuzwa.

Kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, bodi ya manispaa ni chombo kinachojitegemea chenye muhuri wake. Muhuri huo ndio utakaopigwa kwenye leseni ya duka, kwenye risiti ya soko, kwenye hati ya kiwanja. Mtu atakayeshika karatasi hiyo atatazama alama iliyo juu yake, naye atajua moyoni kama ni ya kwake au ni ya bwana mwingine. Basi nauliza: alama hiyo itachorwa na nani, na ndani yake patakuwa na nini?

Najua watakaosema, “Wewe mzee, watu wana njaa, na wewe unaleta habari za kuchora.” Njaa nimeiona. Mwaka huo wa 2025 posho ya Kakuma ilipunguzwa sana, na watu wakatoka barabarani kulalamika. Lakini nawajibu kwamba walalamikaji wale walikosa mahali pa kupeleka lalama zao. Walikwenda kwa mwenye mikono miwili, naye akasema mfuko umetoboka. Mwenye mji hudai kwa mji wake. Asiye na mji huomba. Muhuri haushibishi tumbo, lakini hutambulisha nani ana haki ya kudai na nani wa kudaiwa. Mfugaji alijua hayo zamani. Hampigi ngamia chapa ili apendeze. Humpiga ili siku akiibwa, pawe na neno la kusema mbele ya wazee.

Wako na wengine, nao hofu yao ni nzito zaidi. Nilikaa na mzee mmoja wa Kiturkana chini ya mti karibu na mto Tarach, ule mkavu ambao wanawake huchimba mchanga wake kupata maji. Mkalimani akanifikishia maneno yake. “Wageni hawa walikuja tukawapa mahali,” alisema. “Tukaona malori ya chakula yanapita mbele yetu kwenda kwao, na sisi tuna njaa. Binti zetu wakawauzia kuni na makaa wapate unga. Sasa mwatuambia mji ni wa wote. Na chapa yangu je? Nikiungana na watu mia tatu elfu, nani ataisoma tena?”

Mzee yule hakukosea, na anayemwita mbaguzi hajamsikiliza. Mwenyeji aliyepuuzwa miaka mia ana haki ya kuuliza asipuuzwe kwa mara nyingine, safari hii kwa jina la ukarimu. Lakini jibu tunalo, na Muislamu wa pwani analijua tangu madrasa. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipohamia Madina, Muhajirina hawakupokonya jina la Ansari, wala Ansari hawakuwafuta Muhajirina majina yao. Kila mmoja alibaki na ukoo wake, na pamoja na Mayahudi wa mji ule wakaandikiana hati moja ya kuishi, iliyotaja makabila kwa majina, kila moja na wajibu wake. Hati ya mji haikuhitaji mtu apoteze chapa yake. Ilihitaji kila chapa itajwe.

MAONI YANGU

Maoni yangu, basi, ni matatu, nayo si ya mtaalamu.

La kwanza, muhuri wa Kakuma usichorwe Nairobi na fundi wa kompyuta atakayeweka ngao, ngamia, jua linalochomoza na mnara wa mafuta, kisha apelekewe hundi yake. Tumekwisha kuona nembo nyingi za namna hiyo nchini, zimejazwa vitu kama duka la Mhindi, na mwananchi akiulizwa asema ni ya gavana. Ufuatwe mwendo wa wenyewe: wazee wakae chini ya mti, wanawake wakae, vijana wakae, na wageni waitwe, waulizwe kwa lugha zao. Wakichukua miezi sita, na wachukue.

La pili, nembo iwe ya kuchorwa na mtoto kwa kijiti mchangani. Chapa za Waturkana ni mistari na duara, naamini ndiyo sababu zimedumu. Alama isiyoweza kuchorwa mchangani ni alama ya mwenye mtambo wa kuchapa. Na hapa pana baraka nyingine. Alama ya mistari haimkwazi Msomali wala Mbarawa asiyependa sanamu ya kiumbe, wala haimkwazi Mdinka au Mkongo. Wote wanajua mstari na duara.

La tatu, wenyeji ndio watoe msingi. Isichukuliwe chapa ya ukoo mmoja ikawekwa juu ya wengine, kwa kuwa hapo tutakuwa tumewasha moto. Ichukuliwe namna yao ya kuandika. Kama ningeulizwa mimi, na sistahiki kuulizwa, ningesema iwe duara moja la kisima cha Tarach, na mistari inayolijia kutoka kila upande. Maji ndiyo yaliyomleta mfugaji hapo kabla ya kambi, na maji ndiyo yanayowakutanisha foleni hivi leo, Mturkana na mkimbizi, kila mtu na dumu lake. Kama wao wana fikra bora, na nina yakini wanayo, basi yangu na itupwe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wa Kakuma wamekaa zaidi ya miaka thelathini na bado tunahesabu siku ya pili. Jembe ni haki ya kufanya kazi, ni leseni ya duka, ni kiti katika baraza la mji. Na mpini wa jembe ni mwenyeji. Asiposhiba naye, hapana litakalolimika.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza yule bibi wa Barawa anachosuka. Akanionyesha kikapu. Miyaa ile, alisema, alinunua kwa jirani yake wa Kiturkana, kwani mkoma umejaa kandokando ya mito yao kama ulivyojaa kwetu. Jirani alimwonyesha namna yao ya kufuma kitako, naye akamwonyesha jirani ukili wa Barawa wa kupandisha ukingo. “Kikapu hiki ni cha nani?” nikamtania. Akanitazama kama mtoto mjinga. “Cha atakayekibeba,” akasema.

Lodwar nilimtafuta yule mwanafunzi wangu wa 1984. Nikaambiwa amekuwa mtu mzima mwenye wajukuu na ngamia, yuko malishoni upande wa milima, na simu yake haishiki. Nimemwachia ujumbe kwa jamaa yake kwamba mwalimu wake amejua kusoma, ijapokuwa amechelewa. Alama aliyonichorea siku ile bado ninaikumbuka, kila mstari. Mhariri aliniambia niichore iwekwe katika ukurasa huu ipambe makala. Nimekataa. Mwenyewe hajaulizwa.

Wabillahi tawfiq.